Makonyo

Miaka thelathini na mmoja n'mesomesha Kiingereza
skuli ile ile, Wete, dirisha la tatu halifungiki,
na kila mwaka atazuka mmoja
(mwaka ule alikuwa Asya binti Khatib)
kuniuliza: Mwalimu, neno lao la goti
lina herufi mbele, haisemwi. Imewekwa ya nini?

Ihifadhi tu, nikijibu.
Sikuwa nikijua.

Nilikuja kujua kwa kitabu kisicho jalada
nilichokiokota kwenye boksi la msaada:
herufi ile ilikuwa ikisemwa. Mababu zao
wakiivunja kooni kama tunavyovunja nazi.
Ulimi ukachoka. Kalamu haikupewa habari.

Nikarudi darasani kama mtu mwenye umbeya mpya.
Irabu zao, nikawaambia, zilihama, mtaa mzima.
A akajisogeza kwa E, E akaingia kwa I,
na I, hana pa kwenda, akatoka barazani
akapiga ukelele: ai!
Walicheka mpaka mwalimu wa hesabu akaja kuchungulia.
Na maandishi? akauliza Asya.
Maandishi, nikasema, ni tarishi mkaidi:
mpaka leo anapeleka barua kwenye nyumba za zamani.

Nikawapa na ya wale waliovuka mkono wa bahari,
wakashinda vita moja, wakakalia viti karne tatu.
Mchungaji akabaki na kau wake zizini,
na kamba, na kinyesi. Mnyama akishachinjwa,
akishapita mlango wa jikoni,
keshakuwa bifu, kwa lugha ya mwenye kula.
Bifu si ugomvi, Mwalimu?
Nao pia, nikasema. Nao pia.

Kengele. Hawakuandika chochote.
Mkaguzi angekuja, angeniandika mimi.

Usiku, ni msimu, mama kakaa jamvini anachambua:
karafuu huku, makonyo huku,
vidole vyajua njia, macho ya nini.
Simu iko juu ya pishi iliyofudikizwa,
na ndani yake Sleyum, mwanangu, anasema toka Lesta,
mji unaoandikwa kwa herufi tisa, ukasemwa kwa tano.
Shikamoo bibi. Baridi. Kazi ya ghalani.
Pesa atatuma Ijumaa.
Haya, bai.
Simu ikakatika.

Mama akaguna. Vijana hawaagi siku hizi.
Zamani mtu akenda Mkoani tu
akiombewa mpaka gari inawaka.
Neno gani hilo, bai? Kama mbuzi.

Nikataka kumtetea mtoto. Mama, hiyo ni dua.
Ilikuwa ndefu: Mungu awe pamoja nanyi.
Wakaisema milangoni, na haraka zao,
ikaliwa huku, ikaliwa huku, ikawa gudbai,
halafu...
nikasita, maana hesabu nilikuwa naifanyia njiani.
Halafu kipande cha mbele kikadondoka.

Akanyanyua uso. Kipande kipi?

Cha Mungu. Imebaki "awe nanyi".

Awe nanyi nani?

Haisemi.

Akatia mkono kwenye karafuu, hakuchambua,
akauacha humo kama mtu anayepima joto la maji.
Nikajikokota: hata shikamoo yetu, mama,
ndani yake mna mguu umeshikwa. Nani anainama leo?
Pengine Sleyum kaisema huku anafunga kiatu chake.

Wangu aliushika, akasema.
Siku anaondoka. Hapo hapo ulipokaa.

Sikuwa na kitabu cha kujibu hilo.
Nikazoa makonyo, nikayatia gunia lake.
Nayo yananunuliwa, kwa bei yake ndogo,
na gizani, ukinusa, huwezi kujua
lipi gunia lipi.